Tulikokwenda Kupigiwa Makofi

Kwa dada zangu wa foyer ya kushona,

Tangu nirudi, sijapita njia moja ya mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, bila mtu kunishika mkono na kuuliza, "Na baba? Alipita?" Wananiuliza nikiwa na ndoo kichwani, wananiuliza kwenye mlango wa kanisa, wananiuliza nikiwa na sindano mdomoni ninampima mtu kiuno. Nimejibu nusunusu, huyu akachukua hili na yule lile, na sasa nasikia kule mtaa wa Ruashi wanasema baba yuko Kinshasa na amepewa gari. Kwa hiyo naandika safari nzima mara moja. Atakayeuliza tena nitampa karatasi hizi asome. Mambo ya ruhusa, tiketi na mihuri nayaacha, mnayajua wenyewe.

Kwanza niseme kwa nini tulikwenda, maana wengine mnamjua baba kwa miwani yake tu. Mwalimu Ngoy amefundisha historia katika shule iliyokuwa ya mapadri tangu mimi sijazaliwa. Kwetu ni Kibula, ukingoni mwa mto Lualaba, pale unapokwisha kupita maziwa. Hospitali iko ng'ambo ya mto. Zamani kulikuwa na bac, kivuko cha chuma kilichovutwa kwa kamba ya waya kutoka gati hadi gati. Waya ulikatika, na hakuna aliyekuja kuuunga. Mama alikwenda Kibula kumzika mama yake, akashikwa na homa, wakamlaza kwenye mkeka ukingoni kungoja mtumbwi. Mitumbwi yote ilikuwa imekwenda soko la samaki. Iliporudi, mama alikuwa amekwisha. Pale alipolala mtu anaiona hospitali vizuri kabisa. Ina bati jeupe, jua likilipiga linaumiza macho.

Ndiyo maana Chama, kile kimoja cha nchi nzima, kilipotangaza kwamba zone yetu, wilaya ya kwetu, itapata mbunge wake kwa makofi ya watu, na kwamba safari hii yatasomwa majina mawili, baba alijitokeza. Hakuna sanduku wala karatasi ya kura. Jina linasomwa uwanjani, watu wanapiga makofi, mjumbe wa Chama anasikiliza, kisha anasema nani amepita.

"Kule barazani nitasema neno moja," baba aliniambia. "Kivuko. Halafu wanitoe kama wanataka."

LUBUMBASHI HADI LIKASI

Treni ya asubuhi iliondoka alasiri. Walisema inangoja behewa, kisha inangoja mtu wa kuliunga behewa, kisha tukaacha kuuliza. Baba alikuwa amevaa abacost, lile koti la kuvaliwa bila tai, niliyomshonea mwenyewe, ya rangi ya majivu, na mfuko mmoja ulikuwa umepinda kidogo. Majirani waliokuja kutuaga walileta karanga na kifurushi cha vinkubala, wale viwavi wakavu, na walipochoka kusimama waliketi juu ya mizigo yetu wakala nusu ya kifurushi.

Tulipoingia, kwenye kiti cha baba walikuwa wamekaa bata wanne ndani ya tenga, na mwenye bata kando yao.

"Mama, hapa ni nafasi ya muzee," nikamwambia.

"Mi najua, mama. Lakini aba bata banachoka sana. Acha bapumzike kwanza."

"Banachoka na nini, nao hawatembei?"

"Na kubebwa! Weye unajua vile kubebwa inachokesha?"

Behewa zima likacheka. Baba akasema wasihamishwe, akasimama hadi Likasi akishika chuma cha juu. Mtu mmoja aliyekuwa mlangoni akasema, "Angalia, mbunge wa bata!" Hakujua kwamba alikuwa anamwambia mgombea. Baba akacheka kuliko wote. Nilikuwa sijamwona akicheka vile tangu tumzike mama, na nikaanza kuamini kwamba atapita, jambo ambalo sasa naliona kuwa kosa.

LIKASI HADI BUKAMA

Bata walishuka Likasi. Baba akaketi, na abiria walipojua yeye ni mwalimu wa historia wakataka wasimuliwe kitu, kwa sababu treni ilikuwa imesimama tena, katikati ya pori, bila sababu.

Baba akawaambia habari za Ubelgiji katika karne iliyopita, ile ya kumi na tisa. Wabelgiji walikuwa na mabaraza mawili, la chini na la juu, na la juu waliliita Seneti. Si kila mtu aliruhusiwa kuchagua, ila wanaume waliolipa kodi ya kutosha. Na kuketi katika Seneti kulihitaji kodi kubwa zaidi, kodi ya mtu mwenye ardhi na majumba. Ziko wilaya ambazo watu wa namna hiyo walikuwa wachache sana, hata kuwapata ilikuwa kazi.

"Basi masikini walisema kupitia nani?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha.

"Kupitia tajiri aliyekumbuka," baba akajibu.

"Na kama hakukumbuka?"

"Walingoja afe, wachague mwanawe."

Watu wakacheka tena, lakini mimi sikucheka. Mbele yetu alikaa mwanamume mwenye beji ya Chama kifuani, mwenye sura iliyofungwa kama duka siku ya kufiwa. Tangu baba aanze kusema alikuwa hajamwondolea macho. Nikamkanyaga baba mguu. Baba akasema, "Mbona unanikanyaga?" kwa sauti ya darasani, wote wakasikia.

Treni ikaondoka tena kuelekea Tenke. Nilitoa bukari baridi, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikampa baba, akaiweka magotini bila kuigusa. Yule mwenye beji aliendelea kututazama. Tenke, treni iliposimama, akainuka, akainama kwenye sikio la baba. Nikashika rozari ndani ya mfuko.

"Muzee," akasema, "ile mambo ya batajiri kuchaguana, njo ya wapi?"

"Belgique," baba akasema. "Siècle passé."

"Ah. Ya zamani?"

"Ya zamani kabisa."

"Bon." Akaketi, akavua viatu, akalala hadi Bukama. Baba alimaliza bukari yote, na yangu.

BUKAMA

Bukama treni inakutana na mto, na mwenye kwenda kwetu hushuka achukue meli. Meli haikuwepo. Tulilala kwenye varanda ya bohari pamoja na magunia ya samaki wakavu, na nguo zetu zilinuka samaki safari nzima, mtu asiniulize kwa nini abacost ile sikuisuuza mara mbili tu bali mara nne.

Hapo ndipo tulipomkuta mgombea wa pili. Citoyen Kabamba, mwananchi kama tulivyoagizwa kuitana, ana malori na duka la vitambaa upande wa Naviundu, hapa mjini, na kwao pia ni upande wa Kibula, ingawa hakuna anayekumbuka lini alifika mara ya mwisho. Alikuja na kikundi cha animation: vijana wa kiume na wa kike waliovaa kitambaa cha Chama, ngoma tatu, filimbi, na magunia ya chumvi. Alitupokea kama ndugu. Alitutafutia viti, akaagiza samaki mbichi wa kukaanga, akamsifu baba mbele ya watu.

"Mwalimu, weye uko na akili mingi," akasema akimtolea baba miiba ya samaki kwa vidole vyake mwenyewe. "Lakini watu wako wako wapi? Umekuja na mutoto mwanamuke mumoja tu na mufuko. Nani atapiga kelele?"

"Watu wangu wako Kibula."

"Aba ni ba kusikiliza. Mi nasema ba kupiga kelele."

"Wananijua," baba akasema.

Kabamba akamtazama kwa huruma. Naandika huruma kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. "Muzee, kujulikana haina sauti," akasema, akamwongezea samaki.

ZIWANI

Meli ilipofika, ilikuwa ndogo kuliko watu. Siku ya pili tuliingia ziwa Kisale, na ziwa lilikuwa limefungwa. Kule mafunjo huota juu ya maji, yakashikana na kuwa visiwa, na upepo ukigeuka visiwa vinahama. Njia ya meli ilikuwa imezibwa na kisiwa kizima chenye kibanda juu yake na jiko linalofuka moshi. Nahodha akazima mashine, akamwita mwenye nyumba aliyekuwa akipara samaki mlangoni.

"Baba! Nyumba yako iko mu barabara!"

"Barabara njo iko mu nyumba yangu!" yule akajibu. "Mi nililala kule, naamuka hapa. Uliza upepo."

Tukangoja upepo. Mke wake akaja na mtumbwi, akatuuzia samaki wa moshi na pilipili, akakaa kuzungumza mpaka mume akamwita mara tatu. Kikundi cha Kabamba kiliambiwa kifanye mazoezi, kikacheza sitahani mpaka meli ikainama upande mmoja na nahodha akawafukuza.

Mchezaji mmoja, Numbi, akaja kukaa nami. Alikuwa anatapika. Kumbe ni karani wa posta, na wote ni makarani au wanafunzi. Wamechaguliwa kucheza na hawawezi kukataa.

"Dada, baba yako ni muntu muzuri," akaniambia akifuta mdomo. "Usinichukie. Nikikosa sauti, siku ya kurudi ofisini sitakuta kiti."

Nilimpa ndimu anuse. 

KIBULA

Upepo uligeuka, mwenye nyumba akatupungia mkono akisogea na nyumba yake, na tukatelemka hadi Kibula. Ukingo ulijaa watu. Shangazi Banza, dada mkubwa wa baba, alimshika baba mashavu kama mtoto, akamwambia amekonda, kisha akatuongoza kwanza si nyumbani, ila kwenye gati ya kivuko.

Mafunjo yameifunika. Nguzo ya kufungia waya bado imesimama, na kipande cha waya kinachoning'inia kwake kina kutu nyekundu. Bac yenyewe imelala ubavu kwenye matope ng'ambo, watoto wanaitumia kuanikia nguo. Shangazi akaonyesha kwa kidevu mahali palipokuwa na mkeka. Baba alivua miwani, akaitazama hospitali bila miwani, yaani hakuona kitu. Akavaa tena.

"Wale wakubwa wanaweza kuitengeneza?" Shangazi akauliza.

"Wakiambiwa na mtu ambaye hawawezi kumnyamazisha," baba akasema.

"Basi tutakufanya mutu ule."

Siku zile za kungoja mjumbe, baba hakufanya mkutano hata mmoja. Aliketi na wazee, akala samaki, akauliza nani amezaliwa na nani amekufa. Kabamba aligawa chumvi nyumba kwa nyumba, na sisi pia alitupa. Shangazi akaipokea, akashukuru, akaitia kwenye mboga. Nilimwuliza kama watu wataiuza heshima yao kwa chumvi. Akasema, "Chumvi ni chumvi. Heshima tunajua pa kuipeleka."

SIKU YA MAKOFI

Mjumbe wa Chama alikuwa mtu wa mbali, asiyejua Kiluba, na boti lake lilikuwa limeharibika njiani. Alifika amelowa hadi magotini na mwenye haraka. Wakamtandikia turubai kwenye uwanja wa shule, na karani wa zone akakaa kando yake amtafsirie.

Jina la Kabamba likasomwa kwanza. Ngoma zikalia, filimbi zikalia, vijana wa kitambaa cha Chama wakaruka na kuimba, na watoto wa Kibula wakaruka nao kwa sababu hakuna mtoto anayeweza kukaa kimya penye ngoma. Watu wazima walitazama kama mtu anavyotazama maonyesho. Wengine walipiga makofi ya adabu. Mjumbe alitikisa kichwa kwa furaha.

Kisha akasoma, "Citoyen Ngoy."

Uwanja ukanyamaza. Nilidhani nimekufa. Halafu Shangazi Banza akapiga magoti, akachota vumbi, akajipaka mikononi, na nyuma yake uwanja mzima ukashuka, wanaume kwa wanawake. Wakakunja viganja kidogo, kama mtu anayetaka kuteka maji, wakapiga. Si makofi mnayoyajua. Ni mlio wa chini, mzito, wa polepole, wote kwa pamoja: pu, pu, pu. Wakaacha. Wakapiga tena. Kisha wakainamisha vichwa, na hakuna aliyekohoa.

Niliyaona mara moja tu nikiwa mdogo, siku mfalme wetu alipokalishwa kwenye kiti. Hakuna kilicho juu ya hapo. Mtu akipigiwa hivyo, kelele yoyote baada yake ni matusi. Machozi yalinitoka. Nikasema moyoni, mama, kivuko kimekuja.

Nikamtazama mjumbe. Alikuwa amekunja miguu, anajipepea kwa kofia, anangoja waanze.

"C'est tout?" akamwuliza karani, yaani, ndiyo hayo tu?

Karani, ambaye anasema Kiluba lakini si Mluba, akatazama watu waliopiga magoti, akatazama kiatu chake. "C'est tout," akasema.

Baba akasogea turubaini, nami nikamfuata. Alisema kwa utaratibu wake wa darasani, kwamba makofi yale ndiyo makubwa kuliko yote, kwamba kwetu ndivyo anavyosalimiwa mfalme.

Mjumbe akaacha kujipepea.

"Kama mfalme?"

"Ndiyo, citoyen."

"Fikiri muzuri, muzee." Alishusha sauti, na hakuwa mkali, alikuwa kama daktari. "Mu inchi hii kuko mukubwa mumoja. Unataka mi niende kusema kama ku Kibula bantu banapiga magoti, banapigia mwalimu makofi ya mfalme? Mi nitasema, kama unataka. Ao nitasema sikusikia kitu. Chagua."

Baba alimtazama, akamtazama Shangazi aliyekuwa bado ana vumbi mikononi.

"Hukusikia kitu," akasema.

Mjumbe akasimama, akasema kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kwamba Kabamba amepita, na kabla karani hajafungua mdomo ngoma zikaanza. Numbi alikuwa anaimba akilia, au jasho lilimwingia machoni. Watu wa Kibula wakainuka. Waliposikia ngoma baada ya heshima yao, walidhani ni ngoma za baba, maana kwetu ndivyo inavyokwenda: kwanza viganja, kisha ngoma. Wakambeba. Wakamzungusha uwanja mzima juu ya mabega, miwani yake ikaanguka, nikaiokota. Kabamba alisimama kando, anapiga makofi naye, hakuwazuia. Alinishika bega akasema, "Waache. Wasiharibiwe siku."

Jioni nilimwambia baba awaambie ukweli.

"Niwaambie nini?" akasema. "Kwamba walikosea kuniheshimu?"

KURUDI

Walitusindikiza hadi ukingoni. Wanawake walipiga magoti mchangani, viganja vikapiga tena, pu, pu, na Shangazi akasema, "Ukifika kule barazani, usiwapashe habari nyingi. Waambie bac tu."

"Nimesikia, dada," baba akasema.

Ziwa lilikuwa wazi, treni ilifika kwa wakati, chakula kilikuwepo. Sina la kusimulia. Tukafika Likasi. Hapo alipanda mama mmoja mwenye kuku, baba akampisha kiti bila kuombwa.

Amerudi kufundisha. Abacost nimeifua, imetundikwa. Mheshimiwa Kabamba anapita mara nyingine kumsalimu, na baba alimwambia habari ya kivuko tangu siku ya kwanza. Kabamba akasema ataikumbuka.

Ningeishia hapo. Lakini Jumapili alikuja mtu kutoka kwetu, akaleta samaki na salamu za Shangazi. Anasema Kibula wamefanya kazi kubwa. Wamefyeka mafunjo yote kwenye gati, upande wao, kisha wakavuka kwa mitumbwi wakafyeka na upande wa hospitali. Nguzo wameipaka chokaa. Wamejenga kibanda cha nyasi pale pa mkeka, ili wagonjwa wangoje kivulini, na kila siku mtu mmoja anakaa pale kwa zamu, kivuko kitakapotokea kisikose wa kukipokea.

Baba alikuwa anakula. Akaweka tonge chini.

"Mafunjo yanaota upesi," akasema.

"Njo vile, mwalimu," yule mtu akajibu. "Wanakata tena kila wiki."